Kuchonga ufunguo mpya au kubadilisha kitasa cha sanduku la barua

Mkazi wa Lubumbashi aliyepoteza ufunguo wa sanduku la barua lililo getini ana njia mbili. Ya kwanza ni kumpelekea fundi ufunguo wa akiba ili auchongee mwenzake; kazi hiyo ni nyepesi, lakini yeyote aliyeokota ule uliopotea bado anaweza kuchukua ankara ya umeme ya SNEL au barua ya shule ya watoto. Ya pili ni kubadilisha kitasa chenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili, hasa ufunguo unapopotea pamoja na karatasi yenye anwani. Vitasa vingi vya aina hii ni silinda ndogo iliyokazwa kwa nati upande wa ndani, yenye ulimi wa chuma nyuma yake. Kwa hiyo kabla ya kununua kingine ni lazima kupima kipenyo cha tundu, unene wa mlango na urefu wa ulimi, kwa kuwa ulimi uliozidi milimita chache tu huweza kukwama. Kitasa kilichovunjika hakiponywi na ufunguo mpya. Sanduku lililokodiwa posta ni jambo jingine: mlango wake si mali ya mpangaji, basi wahudumu waonwe kwanza.