Geti letu limeandikwa MBWA MKALI: uzoefu wangu na mwalimu wa mbwa, wiki 6, laki 3 na nusu

Naanza na bei maana najua ndio wengi mnatafuta. Nimelipa 350,000 kwa vipindi 12, mwalimu anakuja nyumbani mara mbili kwa wiki, sisi tupo Goba, Dar, na nauli alikuwa anajitegemea mwenyewe. Nusu alichukua siku ya kwanza, nusu baada ya wiki ya tatu. Mume wangu alivyosikia hiyo hela akacheka, akasema kwao Moshi mbwa anafundishwa kwa fimbo na njaa na hamna mtu aliyewahi kulipa hata mia. Sawa baba, ila mbwa wa kwenu hakuwa na tabia ya kuchana sketi za wageni getini.

Mbwa wetu anaitwa Sijali. Jina katoa baba watoto, si mnajua watu wanavyowapa mbwa majina ya kuwasema majirani, kipindi kile tulikuwa na kesi ya mpaka na mtu wa nyuma yetu basi ndo akaona amtumie ujumbe kupitia mbwa. Ni chotara, mama yake German shepherd, baba yake Mungu ndo anajua. Tulimchukua ana miezi miwili anabebeka kwa mkono mmoja, kufika mwaka na nusu ana kilo thelathini na kitu na ndani ya nyumba hamna anayemuweza. Unaita Sijali njoo, anakuangalia, anageuka zake. Jina na mwenye jina walikuwa wamekubaliana kabisa.

Makosa yake siwezi kuyamaliza, nitaje machache tu. Kuku wanne wa jirani, nimelipa mmoja mmoja. Yunifomu za watoto kwenye kamba, anazivuta anazika. Kijana wa gesi aliacha mtungi getini akapanda ukuta, mpaka leo akiletwa order ya kwetu anapiga simu kabisa anauliza "mama, yule kafungwa?" Na kurukia watu. Hiyo ya kurukia ndo iliyonifanya nitafute mwalimu, maana mtaani kwetu kuna mzee anapita mbele ya geti letu kila siku kwenda msikitini, kanzu nyeupe peee, na Sijali siku moja geti likiwa wazi alimtoka akamuwekea miguu miwili ya tope kifuani na mate juu yake. Waislamu mnaelewa hapo, mate ya mbwa si jambo la kufuta na kitambaa, ni kuosha mara saba na moja iwe kwa udongo, na swala ya alasiri ndo inaingia. Mzee hakutukana. Aliniangalia tu, akarudi kwake. Toka siku hiyo akawa anavuka barabara anapita upande wa pili ameshika fimbo. Bora angetukana.

Niseme pia kabla ya huyu mwalimu tulishajaribu sehemu nyingine, sitaji jina. Unampeleka mbwa wanakaa naye kambini wiki tatu afu unaletewa "amekamilika". Aliletwa amekonda, kupe masikioni, mtu akishika ufagio tu anajikojolea. Wiki mbili za kwanza alikuwa mpole kweli, tukawa tunajisifia kwa ndugu, kumbe ule haukuwa upole ulikuwa woga, na woga ulipoanza kupungua tabia zote zikarudi na nyongeza juu, sasa ukishika kola yake anageuka na meno. Kwa hiyo mtu akikwambia mwachie mbwa utamkuta malaika, jiulize atakuwa malaika kwa nani, kwa huyo aliyekuwa naye au kwa wewe ambaye hujabadilika chochote.

Huyu wa sasa ni mstaafu, zamani alikuwa na mbwa wa polisi. Siku ya kwanza kabla hajaingia ndani ya geti aliomba kadi ya chanjo. Nikasema huyu ndiye. Kama mbwa wako hajachanjwa kichaa cha mbwa, na inarudiwa kila mwaka, usitafute mwalimu, tafuta daktari wa mifugo kwanza. Akaingia, akaomba kigoda, akakaa. Hakumgusa mbwa saa nzima! Mi nahesabu hela yangu inavyoenda. Alikuwa anatuuliza maswali tu, mbwa analala saa ngapi, anakula nini, nani anampa, na kila mtu aliyemo humu ndani akitaka mbwa akae anamwambiaje. Hapo ndo tukaanza kuona aibu. Mimi nasema "kaa chini", watoto wanasema "sit", dada wa kazi anasema "toka huko", mlinzi wetu wa usiku, watoto wanamwita Babu, anasema "tulia we shetani", na baba watoto anaita jina tu kwa ukali, Sijali! Sijali! Mwalimu akauliza, sasa hapo nyie mkiwa mbwa mngefanyaje?

Akasema na jina lenyewe limechoka, limeitwa sana kwenye kugombezwa, akilisikia anajua inakuja ngumi. Kwenye kumwita tukaacha jina kabisa, tukachukua neno jipya, "hapa". Na hilo neno ni marufuku kulitumia kwa jambo lolote baya, hata kama unataka kumuogesha usiseme hapa, mfuate alipo. Maneno mengine yakawa kaa, lala, subiri, acha, na mkekani. Yakaandikwa kwenye karatasi jikoni, hamna kuongeza, hamna kiingereza. Mwanangu mkubwa alilalamika kwamba mbwa wa kwenye tv wanaambiwa sit, akajibiwa huyu wa Goba.

Dawa yenyewe ni firigisi. Unachemsha bila chumvi, bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, mi sikujua na nilikuwa namchanganyia kwenye mabaki), unakata vipande kama punje ya harage. Mbwa akifanya sawa anasikia mlio afu anapata kipande. Mlio wa nini, wa kalamu ile ya kubonyeza juu, ka! Mwalimu anasema lazima ulie sekunde ile ile matako yanagusa chini, ukichelewa kidogo umemlipa kwa kuinuka. Akawaambia watoto ndivyo wale panya wa shirika la APOPO pale chuo cha kilimo SUA Morogoro wanavyofundishwa kunusa mabomu ya ardhini, wanasikia mlio wanajua chakula kinakuja. Watoto wakaenda kumtafuta kwenye simu yule Magawa aliyefundishwa pale Moro afu akapelekwa Kambodia, aliyepewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, 2020, basi hapo nyumba nzima ikapata moyo maana kama panya anaweza huyu wetu anashindwa nini.

Kuhusu kurukia, sheria ilikuwa akikurukia unageuka unampa mgongo, humsemeshi, humsukumi, humuangalii, mpaka miguu yote minne iwe chini. Tulikuwa tunamsukuma na kupiga kelele, kumbe yeye anaona tumekubali mchezo. Siku tatu za kwanza akawa mbaya zaidi, nikampigia mwalimu simu kwa hasira nikamwambia mwalimu hali imeharibika. Akanijibu kwa utulivu, "Mama, umeme ukikatika si unabonyeza swichi mara tano sita kabla hujakubali kwamba Luku imeisha? Na yeye anabonyeza swichi. Usimpe umeme." Siku ya sita akakubali Luku imeisha.

Ila kipindi ambacho mi sitakisahau ni cha geti. Mwalimu kashika komeo, Sijali yuko mbele yake anatetemeka kwa hamu ya kutoka. Komeo likivutwa kidogo mbwa anasogea, komeo linarudi. Hamna neno lolote linalosemwa. Linavutwa tena, anainuka, linarudi. Sisi tumesimama kwenye baraza kama tunaangalia penati. Mwanangu wa kati alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini, kumi na nne, kumi na tano... Ya kumi na saba komeo likafunguka lote, geti likaachia, barabara ile pale inaonekana na mbuzi wa watu wanapita, na Sijali amekaa. Masikio yamesimama, mkia unafagia vumbi, macho hayapo kwa mbuzi yapo kwa mwalimu. Ka! Firigisi. Baba watoto ambaye alisema hatashiriki upuuzi akajikuta anapiga makofi.

Sasa kuna jambo ambalo tulibishana sana na nadhani wengi mna hofu hiyo hiyo. Dar unafuga mbwa kwa ajili ya wezi. Geti letu lina kibao cha MBWA MKALI na ndo maana mchana kutwa alikuwa anafungiwa bandani, anafunguliwa saa mbili usiku, hiyo ndo desturi, ukimzoesha watu anakuwa boya. Mwalimu akamuuliza Babu mlinzi, mzee mwenzangu, usiku mbwa huyu anabweka mara ngapi? Babu akacheka, "anabweka mpaka asubuhi". Na wewe unainuka mara ngapi? Kimya. Ndo hivyo. Anabwekea paka, popo, bodaboda, redio ya jirani, kwa hiyo siku akibwekea mwizi ni kelele zile zile, hamna anayeinuka. Na kumfungia masaa kumi na mbili kila siku si kumfanya mlinzi, ni kumjaza nguvu ambazo lazima zitokee mahali, kwenye kanzu ya mzee au kwenye kuku. Tukaanza kumtembeza asubuhi dakika arobaini kwa kamba, akivuta unasimama, kamba ikilegea mnaendelea. Wiki ya kwanza toka kwetu mpaka dukani, mita mia mbili, tulitumia nusu saa, watu wanatucheka.

Mwezi wa pili baada ya kumaliza, saa tisa usiku akabweka upande wa simtanki, vile vizito vya kifuani, wote tukakaa kitandani kwa sababu alikuwa ana wiki nzima hajabweka usiku. Babu katoka na tochi, kuna mtu alikuwa kashuka ukutani ameshafungua nati mbili za pampu ya maji. Kaacha spana. Tunayo.

Aliyefaulu kuliko wote humu ndani ni dada wa kazi. Alikuja kwetu anaogopa mbwa mpaka anamrushia chakula kwa mbali, mwalimu akamwambia wewe ndiye unayemlisha kwa hiyo wewe ndiye mkubwa wake, akampa zoezi la kuweka sahani chini na mbwa kusubiri. Saivi akisema "mkekani" kwa sauti ya kawaida tu Sijali anaenda kulala kwenye mkeka wake wageni wakila, mi nikisema lazima nirudie. Nimemuongezea elfu ishirini kwa mwezi maana kazi kaifanya.

Mapungufu yapo. Mwalimu anachelewa, bwana anachelewa! Saa tatu yake ni saa tano, mvua ikinyesha ndo usahau kabisa. Hakuachii maandishi yoyote, ilibidi niwe namrekodi kwenye simu. Firigisi si bure, weka bajeti yake pembeni. Na haya mambo yanafutika msipoendelea, Juni tulienda Moshi wiki mbili tukamwacha na Babu peke yake, kurudi akanirukia na mabegi mkononi, ikachukua siku tatu kumrudisha. Mwalimu mwenyewe alituambia wazi hana garantii, na kwamba mtoto mdogo haachwi peke yake na mbwa hata afundishwe na nani.

Ningekuwa najua ningeanza mapema. Mtoto wa mbwa kuanzia wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na nne ndo anajifunza kipi cha kuogopa na kipi cha kawaida, watu, watoto, kelele, ufagio. Sisi muda huo ndo tulimfungia ili awe mkali. Ukianza na mdogo nadhani hata vipindi vitano vinatosha.

Wiki ya tano nilikuwa naye nje ya geti, kamba mkononi, nikamuona yule mzee anakuja, yuko upande wa pili kama kawaida yake na fimbo. Nikasema kaa. Akakaa. Nikamwamkia "shikamoo mzee", akaitika marahaba, akasimama, akamwangalia mbwa muda mrefu. "Huyu ndio yule yule?" Nikasema ndio yeye. Hakusema kitu akaendelea zake, ila aliporudi kutoka msikitini nilimwona kwa dirisha, kapita upande wetu.

Nampa nyota nne. Kilichobaki ni bodaboda zenye ekzosi iliyotoboka, hizo bado zinamtoa akili kabisa, mazoezi yote yanayeyuka. Nimelipia vipindi vingine viwili kwa ajili ya hilo tu. Kasema anakuja Jumamosi saa tatu, kwa hiyo firigisi ntachemsha saa nne na nusu.