Deki ya MiniDisc ya kurekodia nyumbani: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Februari 2025 Sony iliacha kutengeneza diski tupu za MiniDisc (MD), zile diski ndogo za kurekodia sauti zinazokaa ndani ya kasha la plastiki. Deki zenyewe, yaani mashine za nyumbani za kuzirekodia na kuzicheza, Sony ilishaziacha zaidi ya miaka 10 kabla ya hapo. Anayetaka deki leo ananunua mtumba, na kwenye mtumba jina la modeli ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni hali ya mashine yenyewe, nami nitaanza na hiyo, maana orodha iliyo chini haina faida ikiwa deki uliyoletewa inacheza tu na haiandiki.

Ninamwandikia mtu mwenye kanda za taarab, kaswida au kwaya alizorithi, santuri mbili tatu, labda na redio nzuri, ambaye anataka kuvitia vyote hivyo mahali pamoja bila kufungua kompyuta. Kwa kazi hiyo deki ya MD bado ni raha. Unarekodi upande mzima wa kanda, kisha unazungusha kirungu cha mbele, ambacho kwenye Sony kimeandikwa AMS, mpaka pale wimbo mmoja unapokwisha na mwingine kuanza. Unakata. Wa tano unaupeleka mbele uwe wa kwanza, na kelele za mwanzo unazifuta. Ukibadili mawazo papo hapo unachagua Undo, na badiliko la mwisho linafutwa.

Kucheza si kurekodi

Diski ya MD haiandikwi kwa leza peke yake. Leza hupasha moto nukta ndogo kutoka chini, na papo hapo hedi ya sumaku hushuka kutoka juu na kuigeuza nukta ile. Kusoma kunataka leza hafifu, lakini kuandika kunataka leza yenye nguvu zaidi pamoja na hedi nzima iliyokaa sawa kwenye mkono wake. Ndiyo maana deki nyingi zilizochoka hucheza vizuri kabisa lakini hushindwa kurekodi. Mwuzaji asiyejua atakuambia kwa nia njema kuwa mashine ni nzima, kwa sababu imecheza.

Mwingine anajua. Huyo atakuchezea albamu ya dukani, iliyochapwa kiwandani. Diski za namna hiyo hurudisha mwanga mwingi kama CD, na hata leza iliyochoka huzisoma. Ya kurekodia hurudisha mwanga kidogo. Kwa hiyo usikubali kuonyeshwa albamu ya dukani peke yake.

Jaribio la kuomba ni hili, ana kwa ana au kwa video isiyokatwa: aweke diski tupu, arekodi dakika tatu kutoka kwenye CD au simu, aitoe diski, airudishe, aicheze. Kule kuitoa ndiko kwenye siri. MD ina faharasa yake, TOC, inayosema kila wimbo uko wapi, na deki nyingi za nyumbani huiandika pale tu unapotoa diski au kuzima mashine. Wimbo unaosikika kabla ya diski kutolewa haujathibitisha chochote. Kioo kikionyesha C13 au C14, alama za kosa, diski iliporudishwa, mwambie ajaribu diski ya pili, kwa kuwa huenda ile ya kwanza ndiyo mbovu. Ya pili nayo ikigoma, achana na mashine hiyo.

Faharasa hiyo ni jambo la kukumbuka sana kwetu tunaoishi na umeme wa kukatika. Taa ya TOC ikiwa inawaka, kazi yako bado haijakaa kwenye diski salama. Umeme ukikatika hapo unaweza kuipoteza, na ukikatika wakati taa inamemeta, yaani deki iko katikati ya kuandika, unaweza kuiharibu faharasa nzima. Anayerekodi kanda ndefu na aitoe diski kila upande unapokwisha. Deki hizi hula umeme kidogo, kwa hiyo hata UPS ndogo ya kompyuta inatosha kukuvusha.

Deki nyingi za Sony zina pia ukurasa wa fundi unaoonyesha saa ambazo leza imerekodi na saa ambazo imecheza. Mwuzaji mzoefu anaweza kukupigia picha ya ukurasa huo. Wewe mwenyewe usiingie humo kwa kubahatisha, kwani marekebisho ya leza yamo humo humo, na ukibonyeza vibaya umeivuruga mashine iliyokuwa nzima.

Kuna ubovu mmoja ambao mimi naupenda. Mashine inavuma, inaimeza diski nusu, kisha inaitema, au inakataa kuitoa. Mara nyingi huo ni mpira wa kuingizia diski, belti ndogo iliyolegea kwa uzee. Belti ni spea ya bei ndogo na fundi yeyote aliyezoea kufungua deki za kanda anaibadilisha. Deki inayouzwa kama mbovu kwa sababu hiyo huwa nafuu sana. Tatizo ni kwamba haijajaribiwa kurekodi, kwa hiyo toa bei ya kubahatisha, si ya mashine nzima.

Soma kibandiko cha nyuma kwanza

Japani ndiko MD ilikopendwa kuliko kote, na ndiko deki nyingi nzuri zinakotoka. Deki ya Japani ni ya 100 V. Ukiichomeka kwenye umeme wa 230 au 240 V wa Dar es Salaam au Nairobi umeiunguza. Transfoma ndogo ya kushusha umeme inatosha, ila iwe ya kushuka mpaka 100 V. Zile za 110 V zinazouzwa kwa ajili ya vifaa vya Marekani haziko sawa na hiyo.

Deki iliyouzwa Uingereza haina usumbufu huo. Ni ya 230 V na plagi yake ni ile ile ya pini tatu za bapa tunayotumia Tanzania, Kenya na Uganda. Mwenye ndugu Uingereza amwombe atafute kule. Nikiwa na deki mbili sawa mbele yangu, moja ya Japani yenye kung'aa na moja ya Uingereza yenye mikwaruzo, zote zimethibitishwa kurekodi, nachukua ya mikwaruzo.

1. Sony MDS-JB940

Hii ndiyo ya kwanza kwangu. Inarekodi SP, yaani ule ubora wa kawaida wa MD wa kbps 292, pamoja na MDLP iliyoingia mwaka 2000: LP2 hufanya diski ya dakika 80 ichukue dakika 160, na LP4 dakika 320. Ina matundu ya kidijitali ya optiki (ya mwanga) na ya koaksia (ya waya), na ina tundu la kibodi ya kompyuta ya zamani, ile ya plagi ya mviringo.

Usilidharau tundu hilo. Kuandika "Mume wa Bibi Arusi, upande wa pili" herufi moja moja kwa kuzungusha kirungu ni adhabu. Kwa kibodi ni kazi ya nusu dakika. Diski moja hupokea takriban herufi 1,700 za majina, nafasi ya kutosha kutaja wimbo, kikundi na hata mwaka.

Kwa LP4 sikushauri urekodi muziki. Mahubiri, hotuba na vipindi vya redio, sawa. Sauti za matoazi na violini husikika kama zimo majini. LP2 inavumilika kwa kanda zilizokwisha chakaa, maana kelele za kanda huficha mengi. Kitu cha thamani kirekodi kwa SP.

2. Sony MDS-JE480

Nyepesi, ya bei ya chini, ni ya kizazi cha baadaye, na ina MDLP. Mzunguko wake wa Type-S unazifanya LP2 na LP4 zisikike vizuri zaidi kuliko kwenye deki zilizotangulia. Ukiishika unaona plastiki imezidi na kirungu hakina uzito. Masikio hayalijui hilo. Mtu ambaye hajawahi kumiliki MD aanze na hii, na kama hatapata JB940 kwa bei ya kibinadamu, abaki nayo.

3. Sony MDS-JE510 na JE520

Hizi ni za mwishoni mwa miaka ya 1990, za SP tu. Bei yake mara nyingi ndiyo ya chini kuliko zote, na kwa SP zinarekodi vizuri kiasi kwamba sioni sababu ya mwenye kanda kukimbilia makubwa. Belti ndiyo ugonjwa wake.

Zina mtego mmoja. Diski iliyorekodiwa kwa LP2 au LP4 ukiitia humu, muda unahesabu, jina la wimbo linaanza na "LP:", na husikii kitu. Watu wameshazirudisha mashine nzima kwa wauzaji kwa sababu hiyo. Ukinunua diski zilizokwisha tumika ukakuta "LP:" kwenye kioo, mashine yako haina kosa.

4. Sony MDS-E12 na Tascam MD-350

Hizi zilitengenezewa redio, kumbi za maonyesho na studio. Zina matundu ya XLR, yale ya plagi za pini tatu za vyombo vya studio, na zinafungwa kwenye raki. Kwa anayerekodi kwaya au kikundi cha taarab moja kwa moja kutoka kwenye mixa, hizi zinapanda mpaka namba moja, tena bila ubishi. Kwa sebuleni, hapana: zimefanya kazi siku nzima miaka mingi, na saa za leza zake huwa nyingi kuliko za deki yoyote ya nyumbani. Ile Sony MDS-E10 inayofanana na E12 haina XLR, kwa hiyo angalia picha ya nyuma kabla ya kulipa.

5. Sony MDS-JE780 na JB980

Zina NetMD, yaani USB ya kupokea nyimbo kutoka kwenye kompyuta. Bei yake hupandishwa na neno hilo. Njia ni ya upande mmoja: nyimbo zinaingia kwenye diski, wala ulichorekodi kutoka kwenye kanda hakitoki kwenda kwenye kompyuta kwa USB hiyo. Wengi hununua wakidhani wamepata mashine ya kuhamishia kanda kwenye kompyuta. Kama hiyo ndiyo nia yako, huhitaji MD hata kidogo. Waya mmoja kutoka kwenye deki ya kanda mpaka kwenye kompyuta unatosha. Kama nia yako ni kujaza diski kutoka kwenye simu na kompyuta, kinasa cha mfukoni chenye NetMD kinafanya kazi ile ile kwa pesa pungufu, na programu ya Web MiniDisc Pro inaendesha vyote hivyo ndani ya kivinjari cha Chrome.

6. Familia ya ES, daraja la juu la Sony, mfano MDS-JA333ES

Nzito, nzuri, na nyingi hutoka Japani; hizo ni za 100 V. Mwenye nayo huwa hataki kuiuza, na anayeiuza huitaka bei yake. Kwa kurekodi kanda za zamani tofauti yake na JB940 huisikii. Nunua kama unapenda vitu vizuri na una transfoma ya uhakika.

7. Redio za mezani zenye CD na MD

Japani zilitengenezwa nyingi, na kwenye picha zinapendeza. Ninaziweka mwisho kwa sababu kifaa kimoja kikifa humo, kinachobaki hakina maana, na nyingi hazina tundu la kibodi wala la kidijitali la kutokea.

Kuhusu kunakili

Deki za nyumbani zina SCMS, kizuizi cha nakala za kidijitali. Kutoka CD kwenda MD kwa optiki inaruhusiwa mara moja. Ukitaka kuitoa MD hiyo kwenda MD nyingine kwa optiki, deki inakataa. Kwa waya za kawaida nyekundu na nyeupe hakuna anayekuzuia. Kwa kazi za kanda, mara nyingi waya hizo ndizo utakazotumia.

Ukianza kurekodi redio, jifunze pia Time Machine Recording kwenye deki za Sony. Inaweka akilini sekunde sita zilizopita, hivyo wimbo uliokwisha anza unaweza kuukamata tangu ulipoanza, alimradi kidole kiwe chepesi.

Diski

Nunua za mitumba kwa mafungu. MD hufutika na kuandikwa upya mara nyingi mno kuliko kanda. Diski za Hi-MD, kizazi cha baadaye cha MD, za GB 1 usinunue hata zikiwa za bure, maana deki zote nilizozitaja hazizijui. Kabla ya kuitia diski ya mtu mwingine kwenye mashine, pitisha ukucha kwenye pembe za karatasi yake ya jina. Ikiwa imebanduka, iondoe yote na ufute gundi, kwa sababu karatasi iliyojikunja ndani ya deki huikwamisha diski kabisa, na kuitoa kwa kuvuta ndiko kunakoing'oa hedi.