Pazo ya mzingile uliofichwa (ya alumini): nzuri, ila andaa tepu na karatasi ya grafu

Haya wale mlionisumbua inboksi kuhusu ile pazo ya silinda (fumbo la kuchezea mkononi), nimeshaifungua sasa naweza kuongea. Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo, elfu 95 pamoja na kuisafirisha kwa basi mpaka hapa Mtwara mjini, haina jina la kampuni popote ila ni ukoo mmoja na zile Revomaze za Chris Pitt wa Uingereza, yaani bomba la alumini limevishwa juu ya shafti (fimbo ya katikati), shafti imechongwa vijinjia, na ndani ya bomba kuna pini inayotembea kwenye hivyo vijinjia. Kazi yako ni kuipitisha pini kwenye njia sahihi mpaka shafti itoke, na huoni kitu. Unasukuma, unavuta, unazungusha, unasikilizia kwa vidole. Ukikosea pini inadumbukia kwenye shimo la mtego, springi inaikandamiza, ulikotoka hurudi tena, inabidi uzunguke ukaanze upya.

Uchongaji wake safi, hapo sina neno. Shida ni kijikaratasi cha maelekezo, mistari miwili ya Kichina na picha ya mkono, basi. Hakuna neno kuhusu kuweka alama wala kutunza, wakati kwa pazo ya hivi bila ramani utazunguka palepale kama bajaji inayotafuta abiria saa nane mchana.

Najua kuna mtu atasema mbona Perplexus haihitaji mambo yote hayo. Sawa, lakini ile aliyoibuni Michael McGinnis ni tufe la plastiki angavu, gololi unaiona na vizuizi 100 vimeandikwa namba kabisa, kazi iliyobaki ni mkono usitetemeke. Ukilinganisha na hii ya kwangu ni vitu viwili tofauti.

Sasa alama. Usikwaruze bomba kwa msumari wala usiandike na maka pen, ile rangi ya alumini ni ngozi nyembamba sana imetiwa kwenye dawa kwa umeme, ukiikwangua hairudi. Chukua tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi, bandika kwenye shafti na kwenye mdomo wa bomba, andika kwa penseli. Kugawa mzunguko usihangaike na vipimo, zungushia kipande cha karatasi, kata pale kinapokutana, halafu kikunje katikati mara 5, ukikifungua una sehemu 32 zinazolingana. Kila sehemu inakuwa nyuzi 11 na robo, sio namba ya kupendeza lakini nani anajali, ramani ni yako. Urefu weka milimita kwa rula. Ukigusa ukuta weka nukta kwenye grafu, ukikuta uwazi chora mstari, mtego wekea msalaba mwekundu.

Mawili ambayo watu wengi wanayaruka. La kwanza, bomba linacheza kidogo juu ya shafti, kwa hiyo namba unayosoma ukitokea kushoto sio ileile ukitokea kulia, chagua upande mmoja uwe unasoma kutokea huko siku zote, la sivyo ramani itakuonyesha kuta mbili pahali penye ukuta mmoja. La pili, njia ikizunguka shafti zaidi ya raundi moja andika namba ya raundi pembeni, usidhani umerudi palepale kisa alama zimekutana.

Na nguvu HAPANA. Shemeji yangu alipoikamata alitaka kuibana kwenye jiliwa, nikamwambia shemeji hiyo ukiilazimisha pini inapinda na hapo imekuwa kitu cha kukandamizia karatasi mezani tu. Kama haiendi, haiendi, tafuta upande mwingine.

Kutunza ndo sisi wa pwani tunapaswa kuwa makini zaidi, huku upepo wa bahari una chumvi na alumini yenyewe inavumilia ila springi na pini kama ni chuma cha kawaida zitaota kutu ndani ambako hukuoni. Ukimaliza kucheza futa jasho kwa kitambaa kikavu (na kama umetoka kula korosho za kukaanga nawa kwanza jamani), weka kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokaa kwenye maboksi ya viatu. Mafuta ya nazi usitie ndani, yanaganda na vumbi yanakuwa uji. Wengine wanashauri unga wa penseli kulainisha, kwenye kitasa cha mlango sawa, lakini ule unga ukikutana na alumini na unyevu wa chumvi unaharakisha alumini kuliwa, kwa hiyo kwa Mtwara, Lindi, Kilwa huko sahau. Mimi nimeiacha kavu na inateleza vizuri tu.

Tepu nayo usiiache juani, gundi inang'ang'ania. Hapo sasa ndo mafuta ya nazi yana kazi, tone moja nje kwenye gundi, subiri kidogo, futa, malizia na kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo. Tina na petroli usiguse, na wenye zile za plastiki angavu hata spiriti iogopeni, plastiki inaweza kupasuka nyufa ndogondogo ikapoteza uangavu wote. Za mbao sizipendekezi kwa huku kabisa, masika mbao inavimba, vipande vinakwama, halafu unadhani ni ugumu wa fumbo kumbe ni mvua.

Nyota nne. Moja nimekata kwa kile kijikaratasi. Mkiagiza muulizeni muuzaji kabla ya kulipa kama springi na pini ni stenlesi, akijibu "ni chuma original boss" endeleeni kuulizia kwingine.