Gari linang'aa, ukaguzi limefeli: uzoefu wangu na kasoro za bodi

Niliingia kituo cha ukaguzi kifua mbele. Gari lilikuwa limetoka kwa fundi bodi wiki moja tu kabla, rangi bado inanukia, mbonyeo wa mlango wa kulia umenyooshwa, mikwaruzo yote imezikwa. Breki zilinitia wasiwasi kidogo. Matairi nilikuwa nimebadili. Bodi sikuwa na shaka nayo hata chembe. Nilitoka na karatasi yenye kasoro nne, na tatu kati ya hizo ni za bodi.

Hapa natathmini huduma mbili: ukaguzi wenyewe, na gereji iliyonirekebishia baadaye. Ya kwanza naipa nyota nne kati ya tano, ya pili naipa zote. Yule fundi wa rangi simtaji, na nyota simpi.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole, mchache wa maneno. Alilizunguka gari mara moja, kiganja kikipita juu ya madigadi na kingo za bampa kama mtu anayechagua kitambaa. Rangi hakuitazama. Nikaona nimsaidie, nikamwonyesha mlango niliounyoosha. Akatabasamu. "Mzee wangu, mbonyeo haunihusu. Mimi natafuta kinachokata, kisichofunga na kinachooza."

Kinachokata kilikuwa kwenye bampa ya nyuma. Miezi kadhaa iliyopita nilirudi kinyumenyume nikagonga nguzo, kona ikapasuka, klipu mbili zikapotea. Nikaifunga kwa waya, nikasahau. Ncha ya waya ilikuwa imejitokeza nje, na plastiki pale ilipopasuka ilikuwa na makali ya kutosha kumchana mtu mguu. Mkaguzi aliishika bampa kwa mikono miwili akaitikisa, ikacheza yote. Hapo kuna makosa mawili katika kitu kimoja: itamjeruhi anayepita kwa miguu au baiskeli, na siku moja itang'oka barabarani mbele ya gari la nyuma yangu. Sikubisha.

Kisichofunga kilinishangaza zaidi, maana boneti yangu naifungua na kuifunga kila wiki nikiangalia oili. Boneti nyingi zina makufuli mawili. La kwanza unaliachia kwa kuvuta waya ukiwa ndani ya gari. La pili ni ile ndoano unayoitafuta kwa vidole chini ya ukingo wa boneti, na kazi yake ni kuishika lile la kwanza likiachia ukiwa mwendoni. Ndoano yangu ilikuwa imeganda kwa grisi kavu na vumbi, imelala upande, haishiki kitu. Maana yake boneti yote ilikuwa inategemea kufuli moja. Kama lingeachia katika mwendo wa kasi, upepo ungeiinua boneti na kuibamiza kwenye kioo cha mbele. Dawa yake ilikuwa brashi, mafuta kidogo na dakika kumi, na aibu yangu.

Halafu mlango wa nyuma kushoto ukagoma kufunguka kutoka ndani. Nikajua hii ni kasoro nyingine ya bodi, jasho likanitoka. Kijana akafungua kwa nje, akasukuma kile kiswichi kidogo cha kuzuia watoto ubavuni mwa mlango, akafunga, akafungua tena kutoka ndani. Hakusema neno. Kwa hiyo kabla hujaenda, jaribu kila mlango kutoka ndani na kutoka nje, usinyanyue mikono haraka kama mimi.

Tukaja kwenye kinachooza. Gari likapandishwa juu, akaniruhusu nisimame naye chini yake, jambo ninalolihesabia nyota nzima peke yake. Alikuwa na kinyundo kidogo. Hakipigi kwa nguvu, anagongagonga tu kufuata ule mhimili mrefu unaopita chini ya milango. Ti, ti, ti, ti. Alipokaribia gurudumu la nyuma kushoto sauti ikabadilika: du. Akabonyeza kwa kidole gumba, na kipande cha puti (ile ya kujazia na kusawazisha bodi kabla ya rangi) ukubwa wa kiganja kikaanguka miguuni mwetu, upande mmoja kikiwa na ile rangi yangu mpya. Nyuma yake kulikuwa na wavu wa waya, na nyuma ya wavu hapakuwa na chuma. Kulikuwa na magamba ya kutu na tope bichi.

Fundi wangu alikuwa ameliona tundu hilo, akaliziba kwa wavu na puti, akapiga msasa, akapaka rangi. Mimi nikamshukuru.

Nilimuuliza kijana kwa nini tundu dogo hivyo liangushe gari zima. Akaninyoshea kidole juu kidogo: pale ndipo mkanda wa usalama wa abiria wa nyuma umefungwa kwa bolti. Gari dogo la siku hizi halina chesisi ya peke yake kama lori. Bodi ndiyo chesisi. Mkanda, kiti, shokapu na mikono ya magurudumu vyote vimeshikilia kwenye mabati yaliyokunjwa na kuchomelewa pamoja. Bati likiwa limeoza karibu na bolti, siku ya ajali mkanda unang'oka pamoja na bati lake. Ndiyo maana umbali una uzito kuliko ukubwa wa tundu. Kwa mfano, kanuni za ukaguzi za Uingereza zinatazama eneo la sentimita 30 kuzunguka sehemu kama hizo. Kutu ya juujuu kwenye madigadi, mbali na kitu chochote kinachobeba mzigo, inaweza kupita bila kelele. Kumbe tundu la sakafuni lina shida nyingine hata likiwa mbali na bolti: linaingiza moshi wa ekzosi ndani, na kaboni monoksaidi iliyomo haina harufu ya kukuamsha.

Nyota moja niliyowanyima ni ya karatasi. Imeandika "kutu iliyozidi, nyuma kushoto", basi. Ningekuwa sikusimama chini ya gari nisingejua ni wapi, na fundi mwingine angeweza kuniambia ni madigadi. Wala haikusema matengenezo gani yatakubalika. Hilo nililipata kwa kuuliza: puti haikubaliki, ribiti hazikubaliki, gundi ya mabati haikubaliki. Ni kuchomelea tu, mshono usiokatika kuzunguka kiraka chote. (Kasoro ya nne ilikuwa taa ya namba ya nyuma. Balbu.)

Gereji ya pili nilipelekwa na jirani. Mama mmoja ndiye mchomeleaji, na kabla hajagusa kitu alipitisha sumaku mwili mzima wa gari. Kwenye bati inanasa, kwenye puti nene inateleza. Alipata sehemu mbili zaidi, zote za mapambo tu, akaniambia niziache. Kisha akang'oa kiti cha nyuma, akakunja zulia, akatoa waya wa betri, akakata bati bovu mpaka akafika kwenye chuma kinachong'aa. Tundu la ukubwa wa sarafu likawa pengo la urefu wa mkono wangu. Nilitamani kulia.

Akiwa humo akanionyesha chanzo. Chini ya milango na ndani ya ule mhimili kuna vitundu vya kutolea maji, na vyangu vilikuwa vimezibwa, vingine kwa tope, viwili kwa lami ambayo fundi wa mwanzo aliipulizia chini "kuzuia kutu". Alipovizibua kwa waya, maji meusi yakatiririka kama kikombe kizima. Gari lilikuwa linaozea ndani kwa ndani huku nje nikilipangusa.

Kiraka alikichomelea pande zote, akapaka rangi ya kwanza pekee, akakataa kupulizia lami. "Mkaguzi lazima auone mshono, baba. Ukiufunika atafikiri unamficha." Lami na nta ya ndani alizipaka baada ya ukaguzi wa pili. Kazi yote siku mbili.

Nilirudi na chini pameoshwa, bampa ina klipu mpya, ndoano ya boneti inaruka yenyewe. Kijana yuleyule, kinyundo kilekile. Ti, ti, ti, ti, mpaka mwisho. Akapitisha kidole kwenye mshono, akatia sahihi.

Mlango wa kulia umeshabonyea tena, safari hii kwa baiskeli iliyouangukia pale kwenye foleni ya ukaguzi. Nimeuacha hivyohivyo.