Tiketi ya wiki za majaribio: uzoefu wangu na tamthilia za muziki zinazotoka kwenye filamu

Nyota tatu na nusu kati ya tano kwa tiketi yenyewe, yaani kuingia ukumbini kuona tamthilia mpya ya muziki iliyotoka kwenye filamu kabla haijafunguliwa rasmi. Nyota moja na nusu kwa maoni ya watazamaji yanayomwagika mtandaoni usiku uleule. Si kwamba watu ni waongo. Shida ni kwamba wengi wao wanaripoti jambo lisilopima chochote: "ukumbi mzima ulisimama." Broadway, yaani kumbi kubwa za tamthilia za New York, ukumbi mzima husimama karibu kila usiku, iwe onyesho limenoga au limedoda, na London nako desturi hiyo imeshaingia. Mtu aliyelipa fedha nyingi na kukaa saa mbili na nusu hapendi kuondoka akijiambia amepoteza, halafu aliye mbele yake akishasimama, naye atasimama japo apate kuona. Maoni ya namna hiyo huwa nayapita.

Kwanza tazama tarehe ya maoni. Broadway kipindi cha majaribio kwa kawaida ni wiki tatu hadi nne, maonyesho manane kwa wiki. London mara nyingi ni kifupi zaidi. Katika kipindi hicho mchana watu wanafanya mazoezi ya mabadiliko, usiku wanaigiza mbele ya waliolipa. Wimbo uliokuwepo Jumanne unaweza kuwa haupo Alhamisi. Siku chache kabla ya ufunguzi mwongozaji anafunga mlango wa mabadiliko, ndipo wahakiki wanaalikwa. Kwa hiyo malalamiko ya usiku wa pili kwamba kipande fulani kinaburuza yanaweza kuwa ya kweli kabisa na bado yasikuhusu wewe uliyenunua tiketi ya mwezi ujao. Yakirudiwa na watu wa wiki ya tatu, hapo yachukue kwa uzito.

Pili, jua ni nani aliyekaa vitini. Usiku wa kwanza na wa pili ukumbi unajaa mashabiki wa filamu, ndugu na marafiki wa waigizaji, na watu wa fani hiyo. Hao wanapiga makofi pazia likifunguka tu, wanapiga makofi mandhari yakibadilika, wanampigia miluzi mhusika ambaye hajafungua mdomo. Kelele hizo zinashangilia filamu wanayoikumbuka, na tamthilia bado haijapata nafasi ya kusema lolote. Kipimo ninachokiamini ni onyesho la mchana katikati ya wiki, kuanzia wiki ya pili. Watazamaji wake ni wa kila aina, hawana deni la urafiki na mtu jukwaani, na wasipofurahi hawajilazimishi. Historia ina mfano mkali wa jinsi kelele za usiku mmoja zinavyoweza kuchanganya mtu: tamthilia ya muziki Carrie, iliyoletwa Broadway mwaka 1988, ilizomewa na kushangiliwa na watu wa ukumbi uleule. Baada ya kufunguliwa rasmi ilidumu maonyesho matano tu.

Sasa vicheko, na hapa ndipo penye habari yenyewe. Katika tamthilia iliyotoka kwenye filamu kuna vicheko vya aina mbili, na ukikaa kwa utulivu utavitofautisha kwa sikio. Kuna kicheko cha kutambua: mwigizaji anaanza kusema maneno maarufu ya filamu, ukumbi mzima unacheka kwa pamoja kabla hajamaliza sentensi, kisha kicheko kinakatika ghafla. Na kuna kicheko kipya: maneno yanamalizika, kinapita kimya kifupi mno, kicheko kinaanzia kona moja, kinasambaa, kinachukua muda kutulia, na mwigizaji analazimika kushikilia sentensi inayofuata. Cha kwanza kilishalipiwa na filamu. Cha pili ni kazi ya waandishi wa jukwaani. Onyesho lenye vicheko ishirini vya kutambua na vitatu vipya litaanza kuchosha kabla ya mapumziko, kwa kuwa maneno maarufu ya filamu yoyote ni machache na yanaisha upesi.

Kicheko cha kutambua kina hatari nyingine ya kiufundi. Mwigizaji wa filamu alisema maneno yale polepole, kamera ikiwa usoni pake. Wa jukwaani anajua ukumbi unayangoja, naye anaanza kuyachezea: anasita, anageukia watazamaji, anabana jicho. Usiku wa kwanza inalipuka. Kufikia wiki ya tatu kusita kumeongezeka mara mbili na kasi ya tukio zima imekufa. Ukisoma mahali watu wanasema onyesho "limerefuka" ilhali hakuna kilichoongezwa, mara nyingi chanzo ni hicho.

Nyimbo. Filamu ya dakika 90 ikigeuzwa tamthilia ya saa mbili na nusu pamoja na mapumziko, muda ulioongezeka unaliwa na nyimbo, na nyimbo hizo zinachukua pia nafasi ya matukio. Anayelalamika kwamba tukio analolipenda limekatwa huwa ana haki, lakini ajiulize kama wimbo ulioliondoa unafanya kazi ileile. Kwenye filamu uso wa mtu sekunde nne unatosha kuonyesha ameamua jambo. Jukwaani aliyekaa roshani ya juu hauoni uso huo, kwa hiyo uamuzi lazima uimbwe. Wimbo ukimwacha mhusika palepale alipokuwa kabla ya kuuimba, ndipo utasikia kikohozi. Kikohozi ni kipimo kizuri sana. Watu hawakohoi wakiwa wameshikwa. Wimbo wa taratibu wa sehemu ya pili ukiwa na vikohozi vitano hapa na pale, usiku baada ya usiku, huo utakatwa au utafupishwa kabla ya ufunguzi.

Sikiliza pia makofi yanavyoingia mwishoni mwa wimbo. Wimbo uliofungwa vizuri una nota ya mwisho, mkao wa mwigizaji na taa vinavyogonga kwa wakati mmoja, na makofi yanadondoka hapohapo. Ukiona watu wanasitasita, mmoja anapiga, wengine wanafuata kwa aibu, kosa si la mwimbaji. Mwisho haueleweki. Ni kasoro rahisi kurekebishwa, nami huwa siitozi onyesho nyota kwa ajili yake likiwa bado kwenye majaribio.

Suala la wimbo ambao kila mtu amekuja kuusikia ni gumu zaidi. Kwenye filamu ya Frozen ya mwaka 2013, "Let It Go" inakuja mapema, kabla hadithi haijafika katikati. Ilipoletwa Broadway mwaka 2018 wimbo huo ukawekwa mwisho wa sehemu ya kwanza, pamoja na kile kitendo cha vazi kubadilika mbele ya macho ya watu. Kwa mapokezi ni uamuzi wa busara: ukumbi unalipuka, taa zinawaka, watu wanatoka kwenda mapumziko wakiwa juu. Gharama yake ni kwamba sehemu ya pili inaanza ikiwa imeshatumia risasi yake kubwa, na hapo Elsa, mhusika anayeuimba, anahitaji wimbo mpya wenye uzito, ambao kwenye tamthilia ile ni "Monster". Upande mwingine kuna Pretty Woman, iliyofunguliwa Broadway mwaka huohuo 2018 na nyimbo mpya. Wimbo maarufu wenye jina la filamu haukuwemo awali, ukaja kuongezwa baadaye kwenye kuinama kwa mwisho, waigizaji wanapowaaga watazamaji. Kwa hiyo kabla ya kununua hakikisha kama nyimbo za filamu zimo. Haki za nyimbo na haki za hadithi ni mikataba tofauti, na jina la filamu kwenye bango halikuahidi wimbo hata mmoja.

Dakika ishirini za kwanza baada ya mapumziko, geuza shingo kidogo utazame viti. Viti vilivyobaki wazi vinasema zaidi ya makofi yote ya mwisho. Usihesabu vya pembeni ya ngazi tu, kwa kuwa wengine huhamia katikati.

Kuhusu sauti, malalamiko ya "sikusikia maneno" ndiyo mengi kuliko yote, na ndiyo yanayoelezwa vibaya kuliko yote. Kila mwigizaji anavaa maiki ndogo, kwa kawaida kwenye mstari wa nywele juu ya paji la uso. Fundi wa sauti hazifungui zote kwa pamoja, maana zingevuma. Anapandisha moja na kushusha nyingine kufuata mstari wa maandishi, sentensi kwa sentensi. Sasa maandishi yakibadilishwa saa tisa alasiri na onyesho likaanza jioni, kidole chake kitachelewa. Ndiyo maana katika majaribio unasikia neno la kwanza limemezwa halafu sentensi iliyobaki iko wazi. Hilo linapona lenyewe. Sauti ya mtu mmoja ikigeuka ghafla na kuwa kama inatoka nyuma ya blanketi, ni jasho limeingia kwenye maiki. Wahusika wakuu mara nyingi huvaa ya pili ya akiba kwa sababu hiyo. Lakini ngoma na gitaa la besi zikiufunika mstari wa kwaya kuanzia mwanzo hadi mwisho, huo ni mpangilio wa muziki, na usitegemee sana kwamba utabadilika. Ukitaka kusikia anachosikia fundi, tafuta kiti karibu na meza yake, ambayo kwa kawaida iko nyuma ya viti vya chini. Mandhari kwa mbali, maneno kwa usahihi.

Viti, sasa. Safu tatu za mbele hazinifai: jukwaa liko juu, miguu ya wachezaji haionekani, na densi bila miguu ni nusu densi. Nyuma ya viti vya chini, chini ya dari ya roshani, sehemu ya juu ya mandhari inakatwa; kwa onyesho linalorusha vitu au watu hewani utakosa kile ulichokilipia. Pembeni kabisa ni tatizo kwa tamthilia za kutoka kwenye filamu kuliko nyingine, kwa sababu nyingi hutumia skrini kubwa za video nyuma ya waigizaji, na picha hizo zimepangwa kwa jicho la mtu wa katikati.

The Lion King, iliyopo Broadway tangu 1997, inaonyesha vizuri jinsi kiti kinavyobadilisha mapokezi. Katika ufunguzi wanyama wanapita kwenye njia za katikati ya viti vya chini. Tembo anaendeshwa na watu wanne, mmoja kila mguu, na anapita karibu kiasi kwamba unaona mkono wa mtu ndani yake. Wa chini wanalia. Wa roshani ya juu wanasikia wenzao wakishangaa na hawajui wanashangaa nini. Tukio la kundi la nyumbu ni kinyume chake. Nyuma kabisa kuna mitungi inayozunguka yenye nyumbu wadogo, mbele yake wapo wakubwa zaidi, na mbele kabisa wachezaji wenye vinyago, ili ionekane kundi linakujia. Udanganyifu huo wa macho unakamilika ukiwa katikati. Kutoka pembeni unaona safu za vifaa. Kwa hiyo mtu wa kiti cha pembeni ya njia na mtu wa katikati ya roshani wakitoa maoni yanayopingana, huenda wote wawili wamesema kweli. Maoni yasiyotaja kiti ni nusu maoni.

Kuimba pamoja na waigizaji: usifanye, mpaka uambiwe. Najua wimbo unaufahamu tangu utoto. Aprili 2023 onyesho la The Bodyguard katika ukumbi wa Palace, Manchester, lilisimamishwa likiwa karibu kuisha kwa sababu ya watazamaji walioimba kwa nguvu wakati wa "I Will Always Love You", polisi wakaitwa. Jirani yako amenunua sauti ya aliye jukwaani. Maonyesho mengi yanaacha nafasi ya kuimba kwenye kuinama kwa mwisho, na hapo piga kelele upendavyo.

Mitambo nayo ina siku zake. Kipindi cha majaribio ndipo jukwaa linalozunguka linapokwama au ukuta unapogoma kushuka. Groundhog Day ilipoanza majaribio Broadway, Machi 2017, mitambo iligoma usiku wa kwanza, onyesho likamaliziwa kama tamasha, waigizaji wakiimba bila mandhari. Soma masharti ya tiketi kabla, hasa kifungu cha onyesho lililokatishwa, kwa kuwa kila ukumbi una wake. Kuhusu mwigizaji asipotokea, desturi ya Broadway ni kwamba unaweza kudai fedha au kubadilishiwa siku endapo jina lake limechapwa juu ya jina la tamthilia. Likiwa chini, huna dai. Tazama ubao wa majina ukumbini kabla hujakaa, maana pazia likishafunguka ni vigumu kubadilishiwa. Binafsi mwigizaji wa akiba hanikimbizi. Huyo hakusoma jinsi nyota wa filamu alivyosema mstari ule, alisoma mstari wenyewe, na mara kadhaa kicheko kipya nimekisikia kwake.