Uzoefu wangu wa miezi mitano ya kupika tofu nyumbani

Nilianza kununua tofu, yaani maziwa ya soya yaliyokatwa na kukandamizwa mpaka yakawa kipande, pale daktari alipomshauri mama yangu apunguze nyama nyekundu kwa sababu ya lehemu. Mama alikuwa amekuja kukaa nami Dar es Salaam kutoka Tanga, na baada ya wiki mbili za maharage na kunde alikuwa amezichoka zote mbili. Nilitafuta kitu chenye protini ambacho kingekaa ndani ya mchuzi kikiwa kipande, kikashikwa kwa mkono na kutafunwa, ndipo nikachukua dukani pakiti ya gramu 300 ya tofu ngumu, iliyofungwa ikiwa ndani ya maji.

Siku ya kwanza niliikosea kabisa. Nilifungua pakiti, nikamwaga maji, nikakata vipande na kuvitia moja kwa moja kwenye mafuta ya moto. Mafuta yaliruka, vipande vikang'ang'ania kikaango, na nilipojaribu kuvigeuza vikamomonyoka. Nilivikusanya na kuvitia katika mchuzi wa nyanya, tukala. Mama alimaliza sahani yake, kisha akaniambia kwa upole: "Mchuzi mzuri, mwanangu, ila hivi vipande havina habari nao." Nimelikumbuka neno lile kila nilipopika tofu tangu siku hiyo, kwa sababu lilitaja kasoro yenyewe: tofu ilikuwa imejaa maji, na mahali palipojaa maji viungo havipati pa kuingia.

Sasa siipiki kabla ya kuikamua. Naifunga katika kitambaa safi cha jikoni, naiweka kati ya sahani mbili, juu natwika sufuria yenye maji, naiacha nusu saa, na kitambaa kikitoka kimelowa chapachapa ndipo naikata vipande vya ukubwa wa kiberiti. Nanyunyiza chumvi na pilipili manga, navigaragaza katika unga kidogo wa muhogo, kisha navikaanga kwa mafuta machache bila kuvigusa mpaka vitakapoachia kikaango vyenyewe. Subira hiyo ya dakika nne au tano ndiyo inayotoa ganda la rangi ya dhahabu, na ganda ndilo linaloushika mchuzi.

Kwa atakayekuwa na jokofu, kuna njia nyingine niliyoipenda zaidi kwa mapishi ya mchuzi mzito. Tofu ikigandishwa usiku kucha hugeuka rangi na kuwa ya manjano, jambo lililonitia hofu mara ya kwanza, lakini ikiyeyuka rangi hurudi kuwa nyeupe na ndani huwa na vitundu vingi kama sponji. Unaikamua kwa viganja, maji yanatoka yote, na ukiitia katika mchuzi inaunywa. Hivi ndivyo ninavyoitengeneza tofu ya kupaka: naipaka ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na chumvi, naichoma juu ya wavu kwenye jiko la mkaa mpaka kingo ziungue kidogo, kisha naimwagia tui zito lililochemshwa kwa bizari na pilipili. Sidai kwamba inafanana na samaki wa kupaka, na wala sioni haja ya kuilinganisha naye, lakini mama aliomba kuongezwa, naye si mtu wa kuongezwa chakula.

Kilichonifanya niache kununua tofu ya dukani ni pakiti mbili nilizozikuta zimevimba mwezi wa pili. Tarehe ya mwisho ilikuwa bado, lakini nilipozifungua zilinuka uchachu na maji yake yalikuwa mazito na yenye utelezi. Nilizirudisha, nikaelezwa kwamba bidhaa za baridi hazirudishwi. Tangu hapo nawasihi wanunuzi wote wabonyeze pakiti kabla ya kulipa: pakiti iliyojaa upepo iacheni pale pale. Bei nayo ilikuwa inanilemea, kwa kuwa fedha ya pakiti moja ilitosha kununua zaidi ya kilo moja ya soya kavu sokoni.

Basi nilinunua soya, zile zile tunazozisaga kwa ajili ya uji wa lishe. Nililoweka nusu kilo usiku kucha, asubuhi zikawa zimevimba zaidi ya maradufu, nikazisugua kuondoa maganda, nikazisaga kwa blenda na maji mengi, kisha nikakamua kwa kitambaa. Mama aliyekuwa ameketi akitazama alisogea na kuninyang'anya kitambaa, kwa sababu kazi ile aliijua: ni kukamua tui. Kuna machicha yanayobaki, kuna maziwa meupe yanayotoka, na mkono unajua wenyewe wakati wa kusokota na wakati wa kulegeza. Tofauti ni kwamba maziwa ya soya hayatumiki mabichi, kwa kuwa soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, hivyo ni lazima yachemke vizuri kwa muda wa dakika kumi huku yakikorogwa. Tahadhari na povu, maana hupanda ghafla. Tumieni sufuria yenye nafasi kubwa juu.

Baada ya hapo ndipo inapokuja hatua iliyotushangaza wote wawili. Mpishi wa pwani hufundishwa tangu utotoni kulikoroga tui bila kuliacha lisije likakatika, lakini hapa unayakata maziwa kwa makusudi. Nilizima moto, nikasubiri mvuke upungue, nikamimina taratibu maji ya ndimu tano yaliyochanganywa na kikombe cha maji, nikakoroga mara mbili tu na kufunika. Baada ya dakika kumi na tano mabonge meupe yalikuwa yameelea juu ya maji ya manjano yaliyo angavu. Maji yakiwa bado meupe, ndimu haijatosha. Ongezeni kijiko kimoja kimoja, kwani mara ya pili niliizidisha na tofu ikawa chachu. Wajapani hutumia nigari, chumvi chungu ya maji ya bahari, na Wachina wengi hutumia jasi, unga wa madini meupe, na zote mbili hazileti uchachu huo, lakini ndimu ndiyo niliyonayo na katika mchuzi wa nazi ladha yake haisumbui.

Mabonge niliyamimina kwenye chungio lililotandikwa kitambaa, nikayakandamiza kwa uzito kwa muda wa dakika arobaini, nikapata kipande kilichokaribia gramu 800. Hukaa kwenye jokofu siku tatu ndani ya maji yanayobadilishwa kila siku. Machicha sikuyatupa: nayachanganya na unga wa dengu, vitunguu, kotimiri na pilipili, nakaanga bajia.

Kwa ladha, tofu ya nyumbani naipa alama 9 kati ya 10 na ya dukani 6. Kwa urahisi, ya dukani inashinda, kwa sababu hii yangu inanichukua karibu saa mbili za kusimama, mbali na kuloweka. Anayefanya kazi mpaka jioni aitengeneze siku ya mapumziko. Mwenye mzio wa soya asiijaribu kabisa.

Mama alirudi Tanga mwezi uliopita na kilo mbili za soya katika kikapu chake. Jumamosi alinipigia simu kutoka jikoni; ndimu alikwisha kuitia, mwiko ulikuwa mkononi, na alitaka kujua aendelee kukoroga hadi lini. Nikamwambia, "Hapana mama, usikoroge. Yaache yakatike."