Alle Anderen ya Maren Ade: mapenzi mbele ya macho ya watu

Chris amemwona Hans kwenye supamaketi. Badala ya kwenda kumsalimu, yeye na mpenzi wake Gitti wanajibanza nyuma ya rafu. Hawana ugomvi na Hans. Ni Mjerumani mwenzao, msanifu majengo kama Chris, ila yeye mambo yamemnyookea. Kwa Gitti kujificha huko ni mchezo, na Chris anajificha kweli. Ukilishika hilo mapema umeshashika uzi wa filamu nzima, maana saa zinazobaki watu hawa wawili watalipa gharama ya kutokuwa na sababu moja ya kujificha.

Filamu yenyewe ni Alle Anderen, yaani "Wengine Wote", iliyotoka 2009. Imeandikwa na kuongozwa na Maren Ade, mzaliwa wa Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1976, na inachukua karibu saa mbili. Wapenzi wenye umri wa miaka thelathini hivi wako likizo kisiwani Sardinia, katika nyumba ya mama yake Chris. Hakuna mchepuko, hakuna siri ya ukoo, hakuna maiti. Kuna jua, bwawa la kuogelea, sahani za kuosha, na mapenzi ambayo wakiwa wawili yanachanua, akitokea mtu wa tatu yananyauka. Katika tamasha la Berlin la 2009 ilipata Dubu wa Fedha wa tuzo kuu ya majaji, kwa kugawana na filamu ya Uruguay iitwayo Gigante, na Birgit Minichmayr, anayeigiza Gitti, akatwaa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike. Alistahili kabisa.

Mwanzoni Ade anatujengea lugha ya siri ya wawili hawa. Chris anachonga kikaragosi kwenye tangawizi, wanakipa jina la Schnappi, na kikaragosi kinapewa maisha yake. Chris, mwanaume mwenye kujibana mbele za watu, anamchezea Gitti dansi ya kimahaba chumbani mwa mama yake, katikati ya mapambo ya kizamani, kwa wimbo wa Julio Iglesias na Willie Nelson. Mtu hawezi kucheza vile mbele ya mwingine yeyote. Lars Eidinger, ambaye wakati huo alikuwa anajulikana zaidi kwa jukwaa la Schaubühne la Berlin, analegeza mwili wote mpaka unaona Chris angekuwa nani kama dunia isingekuwa na akina Hans. Lakini mtu huyohuyo amekwishapata habari kwamba ameshindwa shindano la usanifu alilolitegemea, na Gitti hajaambiwa. Basi kila anapocheka, sisi tunajua analobeba na yule aliye pembeni yake hajui.

Tukio la kutazama kwa makini kuliko yote ni chakula cha jioni kwa Hans na mkewe Sana, ambaye ni mjamzito. Hans anamsema Chris kwa maneno ya kirafiki yenye miiba ndani, namna ya kaka mkubwa anayempapasa mdogo wake kichwani. Gitti anavumilia, anavumilia, kisha anamvaa Hans waziwazi kumtetea mpenzi wake. Hapo mtazame Chris, usimtazame Gitti. Aliyetetewa anaona haya. Haya zenyewe hazitokani na kudharauliwa na Hans, zinatokana na kutetewa na mwanamke asiyejua kupunguza sauti mezani. Wajerumani wana neno moja kwa hali hii, Fremdschämen, aibu unayoiona kwa ajili ya kitendo cha mwenzako. Kwetu tungesema Gitti amemtia aibu, na sentensi hiyo ndiyo kosa lenyewe la Chris: Gitti hajamtia aibu, aibu alikuja nayo mfukoni.

Baada ya usiku ule Chris anaanza kuongea kama Hans, na Gitti anaanza kujifunza kuwa Sana. Ananunua gauni la aina ambayo si yake. Wanapanda mlimani kutembea, Chris yuko mbele, Gitti nyuma, na nafasi kati yao inasema zaidi ya mazungumzo yoyote. Wageni wanapokaribishwa nyumbani kurudisha fadhila, muziki ulioko kwenye chumba cha mama unachezwa tena, na kile kilichokuwa hazina ya wawili kinageuka kichekesho cha wanne. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna kilichovunjika. Ni usaliti mkubwa kuliko wowote ndani ya filamu hii.

Ufundi wake una maelezo. Ade na mpigapicha Bernhard Keller mara nyingi huwaweka wapenzi wote wawili ndani ya fremu moja, kwa hiyo anayesikiliza ana uzito sawa na anayesema. Muziki karibu wote unatoka ndani ya tukio lenyewe: mtu ameweka wimbo, wahusika wanausikia kama sisi. Hakuna vinanda vya kukuambia sasa huzunika. Mazungumzo yanasikika kama yamebuniwa palepale, lakini Ade ni mwandishi wa mswada uliokamilika. Ulegevu ule umetoka kwenye mazoezi mengi na kurudia tukio kwa hali tofauti tofauti za moyo, halafu yeye na mhariri wake Heike Parplies wanachagua mezani. Ndiyo maana Gitti anaweza kuwa mkali, mtoto na mpole ndani ya dakika moja bila kuonekana ni watu watatu.

Sasa, wengi huikosa filamu hii kwa sababu zinazozuilika. Ya kwanza ni simu. Kwenye kioo cha inchi 6 uso wa yule anayesikiliza unapotea, na bila uso huo kinachobaki ni watu wanaopiga soga likizoni. Tumia televisheni au walau kompyuta. Tafuta nakala yenye sauti ya Kijerumani na sabtaito. Iliyoingizwa sauti za lugha nyingine inaua ule mkwaruzo wa sauti ya Minichmayr, na ile ya kutafsiriwa juu kwa juu kama kwenye vibanda umiza haitafaa kabisa, kwa kuwa mtafsiri atajaza ukimya, na ukimya ndio chakula chenyewe. Usiitazame vipande vipande siku tatu. Kidonda kinakua polepole. Ukikata katikati, kisu anachomtishia nacho Gitti mgeni wake baadaye kitaonekana kimetoka mbinguni. Na ina uchi na mambo ya chumbani, kwa hiyo si ya sebuleni pamoja na watoto au wakwe.

Kosa jingine ni kuingia ukiwa hakimu. Nusu ya watazamaji hutoka wakisema Gitti ni kichaa, nusu wakisema Chris si mwanaume. Suala la uanaume Chris mwenyewe analiuliza ndani ya filamu, na namna anavyolingojea jibu inatosha kuonyesha kwamba swali lilikuwa limemkaa kooni muda mrefu. Ade hampi yeyote ushindi. Kila mara unapotaka kumhukumu mmoja, tukio linalofuata linampa haki.

Kasoro zipo. Hans na Sana wamechorwa kwa mistari minene kuliko wenzao, hasa Sana, ambaye kwa muda mrefu yupo ili Gitti ajipime kwake. Na pale Gitti anaporuka kutoka dirishani, filamu inakaribia kutumia mwili kusema jambo ambalo nyuso zilikuwa zimeshalisema vizuri. Robo ya tatu ingeweza kupunguzwa dakika kumi bila hasara.

Anayeipenda arudi nyuma kwenye Der Wald vor lauter Bäumen ya 2003, filamu ya Ade ya kuhitimu chuo cha filamu cha München, dakika 81 tu, imepigwa kwa kamera ya kidijitali na picha zake ni kavu kama ubao wa darasani. Jina limekatwa kutoka kwenye msemo wa Kijerumani kuhusu mtu asiyeuona msitu kwa wingi wa miti. Melanie Pröschle, mwalimu kijana, anahamia Karlsruhe katikati ya mwaka wa shule. Anabisha hodi kwa majirani akiwa na pombe kali iliyotengenezwa nyumbani kama zawadi, anawaahidi walimu wenzake hewa mpya, na wanafunzi wanamnusa udhaifu ndani ya siku chache. Anajipachika kwa jirani yake Tina, ambaye dirisha lake analiona kutoka kwake, akipanga kukutana naye "kwa bahati". Wakati huohuo Melanie anamkimbia mwalimu mwenzake mpweke anayemtaka urafiki, kwa sababu upweke wa mwingine unamwonyesha wake. Eva Löbau anaigiza tabasamu linalochelewa kuondoka usoni, na kila likichelewa unatamani kumshika mkono umtoe pale. Kati ya filamu tatu za Ade, hii ndiyo ngumu kutazama kuliko zote. Itazame mchana.

Toni Erdmann ya 2016 ndiyo iliyompa jina duniani. Ina dakika 162, na ilishindana katika tamasha la filamu la Cannes. Majaji wakuu hawakuipa kitu, wakosoaji wa kimataifa wakaipa tuzo yao ya FIPRESCI, kisha ikazoa tuzo tano za filamu za Ulaya na kuteuliwa Oscar. Baba mzaha, Winfried, anamfuata bintiye Ines huko Bucharest, ambako kazi yake ni kushauri kampuni ya mafuta namna ya kupeleka ajira kwa wakandarasi wa nje. Baba anavaa meno bandia na wigi, anajiita Toni, anajitokeza mbele ya wakubwa wa kazi. Ni tatizo lilelile la Chris mezani kwa Hans: mtu wako wa ndani anakuaibisha mbele ya wale unaotaka wakuheshimu. Tofauti ni kwamba Ines, kwa uigizaji wa Sandra Hüller, hatimaye anaivuka aibu hiyo. Gauni linambana, anahangaika na zipu mpaka anaitumia uma wa mezani, kengele inalia, naye anaamua kufungua mlango bila nguo. Peter Simonischek, aliyemwigiza baba na kufariki 2023, ana uzito wa dubu mwenye huruma. Wasioipenda mara nyingi walitafuta kichekesho cha kuchekesha kila dakika tano. Humu unangoja nusu saa, halafu kicheko kinakuja pamoja na machozi.

Baada ya hapo Ade ameonekana zaidi kama mtayarishaji kupitia Komplizen Film, kampuni aliyoianzisha na Janine Jackowski. Imeshiriki katika Tabu ya Miguel Gomes, ambayo sehemu yake ilipigwa Msumbiji, na katika Una mujer fantástica kutoka Chile, iliyoshinda Oscar.

Mpangilio unaofaa: anza na Alle Anderen, pumzika siku mbili, ingia kwa Melanie, Toni Erdmann iwe ya mwisho. Na Alle Anderen ikiisha, usizime. Rudisha mwanzo utazame dakika kumi za kwanza. Gitti yuko kando ya bwawa na mpwa wa Chris, msichana mdogo asiyempenda. Anamfundisha kusema chuki yake kwa sauti, usoni kwake, bila woga. Mtoto anasema, kisha anampiga risasi ya mkono mtupu, na Gitti anaanguka majini "amekufa". Saa mbili baadaye Gitti atamwambia Chris kwamba hampendi tena, ataanguka tena, hatatikisika. Chris atambeba mpaka mezani, atampuliza tumboni kwa midomo kama mtoto mchanga, mpaka kicheko kimtoke.